Mama ananiita kwa jina la marehemu

*Shikamoo Shangazi. Mama yangu ana miaka 78. Hadi Jumatano alikuwa akipika na kudai chenji yake dukani. Tangu Ijumaa ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki, na usiku anamtafuta mbuzi tuliyemuuza zamani. Homa hana. Kaka anasema ni majini. Jirani kanipa vidonge vya usingizi nimpe. Nifanyeje? Binti, Tanga*

Marahaba mwanangu. Vidonge mrudishie mwenyewe, na mama mpeleke hospitali leo.

Jumatano mzima, Ijumaa kachanganyikiwa: usahaulifu wa uzeeni hauji mbio hivyo, hunyemelea kwa miaka. Akili ikivurugika ndani ya siku mbili, mara nyingi kuna mahali mwili unaumwa. Huwa njia ya mkojo au mapafu, na kwetu huku malaria usiisahau. Mwili ukipigana na vijidudu hutoa kemikali zinazousumbua hata ubongo. Kijana ataumwa kichwa, alale, basi. Ubongo wa mzee hauna akiba hiyo, na kama hajanywa maji ya kutosha ndiyo kabisa. Kukosa homa kusikudanganye. Mama mkwe wangu alikesha akichuna nyuzi za kanga, eti anachambua mchicha. Paji la uso la baridi, kikohozi cha kuhesabu. Kumbe nimonia.

Mweleze daktari ameanza lini, maana asiyemjua atadhani ndivyo alivyo. Beba dawa zake zote, hata za mafua. Baadhi huwavuruga wazee. Wapime mkojo, lakini wasiishie hapo: bibi mzee anaweza kukutwa na vijidudu kwenye mkojo na ugonjwa wenyewe uko kwingine. Wapime sukari na malaria, wasikilize kifua. Mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, huenda ni kiharusi. Mkimbize hata kama ni usiku wa manane.

Na kaka yako usigombane naye. Kisomo amsomee hukohuko wodini, hakizuii dripu.

Mkirudi nyumbani mvalishe miwani yake, usiku acha taa ndogo, mwambie wewe ni nani bila kumfokea. Habari za mbuzi usimbishie. Akili inaweza kuchukua wiki kadhaa kutulia, hata dozi ikiwa imeisha. Ila akinyamaza ghafla na kusinzia mchana kutwa, usishukuru kwamba ametulia. Huko nako ni kuchanganyikiwa; mrudishe hospitali.