Tai anamaliza kwale wangu: nimtegee dawa?

SWALI: Nina ekari 40 za pori nje kidogo ya Kongwa, nimeliacha makusudi. Zamani asubuhi kwale na kanga walijaa humo, siku hizi nawasikia kwa nadra. Mwewe na tai nawaona karibu kila siku, na mwezi uliopita tai alibeba kanga mzima mbele ya macho yangu. Kuna bwana anauza dawa ya kupaka kwenye nyama ili wafe. Nikiwaondoa, kwale watarudi?

JIBU: Hawatarudi, ndugu yangu. Na hiyo dawa nakuomba usiinunue.

Kila kiangazi naletewa swali hili, na kila anayeuliza ana ushahidi wa macho yake. Hapo ndipo tunapopotea. Tai huwinda mchana kweupe, juu ya vichwa vyetu. Nguchiro aliyekula mayai tisa ya kanga chini ya kichaka hana shahidi. Kenge, nyoka, kicheche, mbwa wanaozurura, watoto wa machungani wanaookota mayai, hao wote hukuwaona. Lawama inamwangukia aliyeonekana.

Acha kutazama angani, tazama chini. Ukikuta manyoya ya kanga yametapakaa, okota moja moja uyaangalie. Ndege mla nyama hunyonyoa: unyoya hutoka mzima hadi shina lake, pengine na alama ndogo ya mdomo. Mnyama mwenye meno hukata: mashina yamevunjika, yametafunwa, na manyoya yamegandamana kwa mate. Mfugaji mmoja wa Bahi aliniapia kwamba mwizi wake ni kipanga. Tulizunguka pori lake siku mbili tukapata marundo saba. Matano yalikuwa kazi ya meno, na nyayo zilizokuwa pale ni za mbwa.

Huyo tai mwenye nguvu za kubeba kanga, yule mkubwa wa tumbo jeupe lenye madoa, hutaga yai 1 tu, tena mara nyingi si kila mwaka. Eneo la jozi moja linaweza kuzidi kilomita za mraba 100, wakati ekari zako 40 hazifiki hata robo ya kilomita moja ya mraba. Kanga jike naye hutaga mayai 6 hadi 12, mara nyingine zaidi. Ukimuua tai huyo, tai kijana aliyekuwa akitangatanga bila eneo atakuja kushika nafasi yake.

Sisemi kwamba ndege hawa hawana athari. Kule Langholm, Uskoti, watafiti waliwahesabu kwa miaka kadhaa katika miaka ya 1990. Aina moja ya vipanga ilifikia majike 20 wenye viota mwaka 1997, na kweli walipunguza sana ndege wa kuwindwa wa jamii ya kwale. Wauza dawa wangependa hadithi iishie hapo. Lakini watafiti haohao walionyesha kwamba kati ya 1948 na 1988 karibu nusu ya vichaka ambavyo ndege wale hula na kujificha ilikwisha kwa malisho ya kondoo. Penye vichaka pakaota nyasi, nyasi zikaleta panya na ndege wadogo wengi, na hao ndio waliowavuta vipanga. Ndege wa kuwindwa walianza kupungua zamani, kabla vipanga hawajawa wengi.

Kwetu Dodoma mambo ni hayohayo. Kwale ni ndege wa kukimbia, kinga yake ni kichaka. Mvua tunayo moja tu, Desemba hadi Aprili, na vifaranga wengi huanguliwa kipindi hicho. Wiki za kwanza kifaranga anaishi kwa wadudu. Pori likichomwa Oktoba, mbuzi wakamalizia machipukizi na visiki vikaenda kwenye mkaa, kifaranga atatembea juu ya udongo mtupu bila chakula wala pa kujificha. Hapo mwewe mmoja anaweza kuwamaliza wote, na mtu ataapa kwamba mwewe ndiye chanzo. Zuia moto, ondoa mbuzi, acha visiki vichipue kwa njia ya kisiki hai, yaani kuchagua machipukizi machache yenye nguvu na kupogoa mengine, ambayo majirani zako wengi wanaijua. Kondoa mifugo ilipoondolewa mwaka 1979 kwenye ardhi iliyomomonyoka, nyasi na vichaka vilirudi vyenyewe.

Sasa hiyo dawa. Mara nyingi ni kiuatilifu cha shambani kilichohamishiwa kwenye chupa isiyo na maandishi, na anayekuuzia hatakuwepo siku ya madhara. Niliwahi kuitwa kijiji kimoja palipopakwa mzoga wa mbuzi. Kuuzunguka walilala tumbusi wanne, pungu mmoja, fisi na mbwa wawili wa jirani. Pungu alikuwa bado amekunja makucha, na kipande cha nyama kimo mdomoni. Tumbusi wa mgongo mweupe tangu 2015 yumo kwenye kundi la walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Vipanga na bundi unaowaua ndio wanaokula panya shamba na kweleakwelea, halafu msimu wa mtama watu wanalia. Kuua wanyamapori kwa sumu ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Na wewe msomaji ambaye tayari umeshatega: nenda leo, usingoje kesho. Funga mbwa, zuia watoto na mifugo, usiguse nyama wala ndege aliyekufa kwa mikono mitupu, na usitupe chochote korongoni, kwa sababu mvua itayapeleka kwenye lambo la kunyweshea. Mwite ofisa wanyamapori wa wilaya aje mzoga ukiwa bado palepale.