Usiulize kama kuna karanga, uliza mboga imeungwa na nini

Nina aleji kali ya karanga. Wiki ya pili baada ya ndoa tulikwenda ukweni, Tabora. Wifi akatenga ugali, kuku wa kienyeji na mboga ya majani ya kunde. Nikamuuliza, "Wifi, hii haina karanga?" Akanijibu kwa moyo mweupe kabisa, "Hamna, kula tu." Tonge la pili midomo ikaanza kuwasha. La nne koo likabana.

Wifi hakunidanganya. Kwake karanga ni zile za kukaanga, za kutafuna. Zilizosagwa na kumiminwa kwenye mboga ni kiungo, kama tui la nazi. Tangu siku hiyo nauliza hivi: "Mboga mmeunga na nini?" Hapo utaambiwa nazi, maziwa, karanga au mafuta tu. Kisha nauliza la pili: mwiko huu umekoroga sufuria gani nyingine? Moto hauondoi madhara ya karanga, na mabaki ya kwenye mwiko yananitosha kuugua.

Mgahawani naenda mapema, kabla ya watu wa mchana kujaa, niongee na mpishi mwenyewe. Mhudumu ana haraka, atakujibu lolote uridhike. Mishkaki naagiza mikavu, maana mchuzi wa kupaka wakati mwingine una karanga. Uji wa lishe siugusi, kwa sababu unga wake mara nyingi huchanganywa nazo. Ukifika Kampala, lijue neno binyebwa: ndiyo karanga, na mchuzi wake huliwa sana na matoke.

Kigumu zaidi ni sinia. Mkono uliochovya mboga unarudi kwenye wali wa wote. Mimi naomba nipakuliwe pembeni kabla mtu hajanawa, na mwenyeji namwambia siku mbili kabla, kwa simu, si mbele ya wageni. Neno aleji peke yake halitoshi, wengi wakilisikia wanadhani ni vipele tu. Sema kinachotokea: "Koo linaziba, nashindwa kupumua." Mama mtu mzima akisisitiza nionje kidogo tu asije akaona nimemdharau, namjibu, "Mama, hiki kitaniua, ila wali wako naongeza," na kweli naongeza. Mwenye chakula anataka kukuona unakula.

Siku ile Tabora walininywesha maziwa. Hayasaidii. Vidonge vya aleji vinapunguza muwasho lakini havifungui koo linaloziba. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, inayochomwa pajani upande wa nje. Muulize daktari wako kuhusu sindano hiyo kabla hujaihitaji, na popote unapokwenda kula, ijue hospitali ya karibu inayofanya kazi usiku. Ninaokula nao nimewafundisha: nikiishiwa nguvu wanilaze, nikihema kwa shida nikae nimeegemea, nisitembezwe, na tuwahi hospitali hata nikisema nimepata nafuu, maana hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Mama mkwe sasa ana sufuria ndogo ya mboga yangu, anaiunga kwa nazi. Mwiko wake ameufunga uzi mwekundu kwenye mpini, na umetundikwa peke yake, mbali na ile mingine.