Tofauti ya Bei Analipa Nani?

Kampuni ya teknolojia ikiingia Kampala na nauli ya chini kuliko ya steji, yaani kituo cha boda, swali langu la kwanza huwa moja: tofauti hiyo analipa nani? Petroli haijashuka bei. Tairi na plagi bei ni zile zile. Dereva anakula chapati ile ile na analipa chumba kile kile Kawempe. Ikiwa abiria halipi gharama yote na safari imefanyika, basi yupo mtu mahali fulani anayejazia, na mtu huyo hakutoa sadaka. Anataka fedha yake irudi, na faida juu.

Nimeendesha gari la kuitwa kwa simu, na sasa nina kibanda cha kuweka na kutoa pesa upande wa Kisenyi. Sisi tunaozungumza Kiswahili mjini hapa, tuliokulia kambi za polisi na za jeshi, waliotoka Congo, waliotoka Busia na Arua, wengi tunakula kupitia kazi hizi za simu kwa njia moja au nyingine. Vijana hunijia kibandani wakiuliza, "Mzee, nijiunge na kampuni gani?" Nimeona niandike jibu refu, kwa sababu lile fupi haliwatoshi.

Usiichague kampuni kwa rangi ya jaketi wala kwa maneno mazuri ya mtu wake wa mauzo. Tafuta fedha yake inatoka wapi leo, kisha uliza itatoka wapi keshokutwa. Ukishajua hayo mawili utajua itakavyokutendea, hata kama wenye kampuni ni watu wema, na wengi wao ni watu wema kweli.

Uber iliingia Kampala mwaka 2016. Mwaka huo huo mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia uliiwekea kampuni hiyo dola bilioni 3.5. Fedha za wawekezaji wa namna hiyo ndizo zilizoifanya duniani kote itoze nauli ndogo na kuwapa madereva bonasi. Mwaka 2019, ilipouza hisa zake New York, ilitangaza hasara ya dola bilioni 8.5 kwa mwaka mmoja. Faida ya uendeshaji ya mwaka mzima iliipata kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Tafakari hilo: miaka mingi biashara iliendeshwa kwa hasara, makusudi, ili watu wazoee. Mwenye hisa hawezi kukubali hasara milele, kwa hiyo siku ya kubana lazima ifike, na anayebanwa ni yule asiye na pa kwenda. Abiria anaweza kurudi kwenye teksi ya watu kumi na wanne. Dereva aliyechukua gari kwa mkopo anarudi wapi?

Mimi niliyaona hayo kwenye kampuni nyingine, ambayo leo haipo tena mjini. Mwanzoni bonasi ilikuwa nzuri kiasi kwamba wenzangu waliacha kazi za kulipwa mshahara wakakopa magari. Baadaye bonasi ikapungua, kisha ikaondoka, kisha makato yakapanda. Hakuna mtu aliyetuita kikao. Ujumbe uliingia kwenye simu usiku, asubuhi masharti yakawa mapya, na kitufe kilikuwa kimoja tu, cha kukubali.

Hapa ndipo ninapotaka vijana wa boda wanisikilize vizuri, kwa sababu nyinyi mna kitu ambacho sisi wa magari hatukuwa nacho. Mna steji.

Steji haikuwekwa kwa kusubiria abiria tu. Ina mwenyekiti, ina katibu, ina daftari. Kijana hulipa kiingilio ndipo akubaliwe kuegesha pale, na wenzake wanajua anapolala na anakotoka. Akigongwa Jinja Road, steji ndiyo inayochanga fedha za hospitali ya Mulago. Akifiwa, steji ndiyo inayokodi gari la kwenda kijijini. Akikamatwa, mwenyekiti ndiye anayekwenda kituoni kuongea na afande. Gharama ya mambo haya yote haionekani kwenye nauli, lakini imo ndani yake. Unapomwona kijana wa steji anataka shilingi elfu moja zaidi ya bei ya kwenye simu, usimwite mwizi haraka hivyo. Sehemu ya elfu hiyo ndiyo bima yake, na hana nyingine.

Steji zina mabaya yake. Kiingilio sehemu nyingine ni kikubwa mno, siasa zimeingia, na wapo wenyeviti wanaokula michango. Na haki isemwe: SafeBoda, kampuni ya boda za kuitwa kwa simu iliyozaliwa hapa hapa Kampala mwaka 2014, ilileta mambo ambayo steji hazikuyaleta zenyewe, kama mafunzo ya barabarani, helmeti ya pili kwa ajili ya abiria, na bei inayojulikana kabla hujapanda. Dada zetu wengi walianza kupanda boda usiku bila hofu kwa sababu jina la mwendeshaji lilikuwa kwenye simu. Sitaki turudi nyuma. Ushauri wangu ni kwamba ukijiunga na kampuni, jina lako libaki kwenye daftari la steji, na mchango wako wa wiki uendelee, hata ile wiki ambayo abiria wote wamekuja kwa simu. Kampuni ina waendeshaji wengi na haiwezi kukukumbuka ukivunjika mguu. Watu ishirini wa steji wanaweza.

Kampuni nayo huweza kufunga virago. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni iliyouza hisa zake New York mwezi Aprili 2019, ilifunga huduma yake ya kupeleka chakula mwishoni mwa 2023, Uganda ikiwemo. Haikuwa imeshindwa Kampala peke yake. Ilisema biashara hiyo haifai katika hali ya uchumi iliyokuwepo, ikaifunga kila mahali ilipokuwa. Uamuzi wa aina hiyo hufanywa mbali, kwa hesabu za nchi nyingi pamoja, na bidii yako wewe unayepeleka chakula Ntinda haimo kwenye hesabu hizo.

Sasa nije kwa wafanyabiashara. Shemeji yangu anauza gomesi na vitenge, na wateja wake wengi aliwapata Facebook. Meta, kampuni yenye Facebook, hupata karibu fedha yake yote kwa matangazo. Hilo peke yake linatosha kukueleza kwa nini ukurasa wa biashara ulioonekana na watu wengi bure ulianza kuonekana na wachache. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba watu wataonyeshwa zaidi habari za ndugu na marafiki kuliko za kurasa. Mwenye duka akitaka kuonekana kama zamani, alipe. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Julai 2018, serikali yetu nayo ikaanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayeingia kwenye mitandao ya kijamii. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya bando. Mteja wa shemeji analipia bando na kodi yake, shemeji analipia tangazo, na wote wawili walianza urafiki huo wakiambiwa ni bure.

Kisha ikaja Januari 2021. Siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifuta akaunti zilizohusishwa na serikali, na serikali ikaifunga Facebook nchi nzima. Intaneti yote ilizimwa usiku wa kuamkia kura ikarudi baada ya siku kadhaa, lakini Facebook iliendelea kufungwa kwa miaka, ikifikiwa tu kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Shemeji hakufa njaa kwa sababu ana tabia ya zamani aliyoirithi kwa mama yake aliyekuwa na meza soko la Owino: kila mteja anaandikwa jina na namba kwenye daftari, na kipimo cha gomesi pembeni. Aliwapigia mmoja mmoja. Jirani yake kwenye jengo lile lile, ambaye wateja wake walikuwa ndani ya ukurasa tu, aliishia kuuza cherehani yake mwaka huo. Kwa hiyo, mwenye biashara, tumia ukurasa, tumia WhatsApp, tumia kila kitu, ila orodha ya wateja iwe yako, kwenye karatasi, nyumbani.

Utaniuliza kama ninachukia kampuni hizi zote. Hapana. Kibanda changu kinaishi kwa mojawapo ya mawazo bora yaliyowahi kuingia Uganda. MTN ilianzisha huduma ya pesa kwa simu mwaka 2009, na mama wa Kasese ambaye benki haikuwahi kumwona aliweza kupokea ada ya shule kutoka kwa mwanawe aliye Kampala dakika ile ile. Kwa nini ilimfikia? Kwa sababu mtumaji analipa ada kwa kila muamala, na wakala anapata kamisheni kwa kila muamala. Fedha ya kampuni inatoka kwa huyo huyo anayehudumiwa, basi kampuni ina sababu ya kumfuata mpaka kijijini. Huo ndio mpango ninaouamini: anayehudumiwa ndiye anayelipa, na anajua analipa kiasi gani. Mwaka 2018 serikali ilipoweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala, watu walirudi kubeba noti kwenye soksi, na kodi ikabidi ishushwe hadi nusu ya asilimia, kwenye kutoa pesa tu. Niliona foleni ikikatika na ikirudi. Mtu wa kawaida anaelewa gharama vizuri sana ikiwekwa wazi mbele yake.

Kinachonitia wasiwasi kibandani ni mikopo ya simu. Ada ya asilimia 9 kwa siku 30 inaonekana ndogo. Mtu akiichukua kila mwezi kwa mwaka mzima, amelipa asilimia 108 ya fedha ile ile, yaani amenunua laki yake kwa laki na zaidi, na laki yenyewe bado anadaiwa. Wenye mikopo hiyo walau wanajulikana waliko. Wabaya zaidi ni wale wenye programu zinazoomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako. Mkopeshaji wa kawaida kwanza anakuchunguza kama unaweza kulipa, kwa kuwa usipolipa anapata hasara. Huyu hana haja ya kukuchunguza. Dhamana yake ni aibu yako. Atampigia baba mkwe wako. Atampigia mchungaji au imamu. Programu ikitaka majina yako ili ikupe shilingi elfu hamsini, ifute, ukakope SACCO, chama cha akiba na mikopo, hata kama utasubiri wiki mbili. Tuna sheria ya ulinzi wa data binafsi tangu 2019, na tuna mamlaka ya kusimamia wakopeshaji wadogo. Ukishatukanwa mbele ya ukoo, peleka malalamiko, usinyamaze kwa fedheha. Ukimya ndio unaowalipa.

Kwa boda za umeme nitasema kidogo tu, maana ndizo zinazokuja kwa kasi. Zina nafuu ya kweli, petroli haipo na kelele hakuna. Lakini mara nyingi pikipiki ni yako na betri ni ya kampuni, unabadilisha kituoni kwao kwa kulipa. Kabla hujatia sahihi, uliza kama betri ya kampuni nyingine inaingia kwenye pikipiki yako, uliza bei ya kubadilisha inaweza kupandishwa mara ngapi kwa mwaka, na majibu yawe kwenye maandishi.

Na hii akili bandia inayozungumzwa kila mahali? Sisi tumo ndani yake tayari, kwenye ngazi ya chini. Huko Gulu, vijana walifanya kazi ya kuweka alama kwenye picha kwa ajili ya kompyuta za kampuni za nje, kupitia Sama, kampuni inayoleta kazi za aina hiyo. Nairobi, mwaka 2023, jarida la Time liliandika juu ya wafanyakazi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha ili mashine ya OpenAI, kampuni yenye ChatGPT, ijifunze kuyaepuka. Kazi ni kazi, na kijana wa Gulu aliyelipwa alisomesha wadogo zake. Lakini faida ya kazi hiyo inahesabiwa mahali ambapo kijana hana hisa hata moja.

Ndiyo maana navutiwa na watu wa Makerere. Mradi wao wa AirQo, ulioanza 2015, hutengeneza vipimo vya hewa vinavyostahimili vumbi letu, joto letu na umeme wetu unaokatika, na vingine wamevifunga juu ya boda ili vipime hewa barabarani. Anayenufaika ni mtoto wa Bwaise anayevuta moshi. Ila hata huko, uliza swali lile lile: sehemu kubwa ya ufadhili ilitoka Google, kupitia mkono wake wa misaada. Nashukuru kwa msaada huo, na bado nasema hewa ya Kampala ipimwe kwa fedha ya bajeti ya Kampala, maana mfadhili akibadilisha mawazo, moshi utabaki.

Kwa wenyeviti wa steji, nina ombi moja la kufanyia kazi mwezi huu. Kijana akifungiwa akaunti na kampuni, nyota alizopewa na abiria, safari zake na sifa zake zote hubaki huko, anaanza upya kama mgeni mjini. Sheria ile ya data ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zinazoshikiliwa na kampuni. Kaeni kikao, kila mwendeshaji aandike barua yake ya kuomba rekodi zake, katibu aweke nakala kwenye faili la steji. Kampuni isipojibu, nakala ziende kwa pamoja Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, zikiwa na mhuri wa steji na namba ya simu ya mwenyekiti. Asiyejua kuandika barua aje kibandani asubuhi, kabla foleni haijaanza.