Nyumba ya mawe Lamu: ukuta unatoka unga mweupe, ninunue?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, sijawahi kununua hata kiwanja. Mwezi uliopita nilioneshwa nyumba ya zamani Mkomani, Lamu: ghorofa moja, kiwanda (yaani ua wa ndani) katikati, zidaka (vishubaka) ukutani. Tangu siku hiyo sina usingizi. Kuta za chini zinatoka unga mweupe na rangi inabanduka. Chumba cha juu, dari imebonyea kidogo. Muuzaji anasema atapiga plasta mpya ya saruji kabla ya kunikabidhi. Nikubali, au nikimbie?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usikimbie bado, ila mpigie muuzaji leo hii umwambie asiguse ukuta. Pesa ya hiyo plasta aipunguze kwenye bei.

Ule unga ni chumvi. Nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hunyonya maji ya ardhini kisha huyatoa kwa hewa. Maji yakikauka, chumvi inabaki juu. Plasta ya chokaa huupisha unyevu, saruji huuzuia. Sasa ukizuiwa hauendi popote, unapanda tu ndani ya ukuta kutafuta pa kutokea, na huko juu ndiko ziliko ncha za boriti. Saruji yenyewe huvimba na kubanduka vipande vizima, pamoja na uso wa jiwe. Mimi plasta mbichi kwenye nyumba inayouzwa hunitia hofu kuliko ufa.

Dari iliyobonyea kidogo isikuondoe usingizi. Boriti za mkoko hulegea kwa umri na zikakaa hivyo miaka mingi. (Ndiyo sababu pia vyumba vya Lamu ni vyembamba: urefu wa boriti ndio uliopima chumba.) Hatari iko kwenye ncha, ile sehemu iliyozama ukutani usiyoiona. Chukua nyundo ndogo, bisibisi na ngazi. Gonga boriti katikati usikilize, kisha gonga karibu kabisa na ukuta. Nzima hulia kavu. Iliyoliwa hulia kama boga. Hapo chomeka bisibisi. Ikigoma, vizuri. Ikizama bila nguvu, ni kuoza au mchwa, na boriti hiyo ni ya kubadilishwa. Anza na zile za chini ya choo cha juu na chini ya tangi la maji.

Nyumba moja niliyoikagua walikuwa wamepandisha tangi la lita 2,000. Hizo ni tani mbili, juu ya boriti sita. Nne kati yake nilizichota ncha kwa vidole, kama kahawa iliyosagwa, na dari ilikuwa imepakwa rangi wiki ileile. Hata hivyo ilipona: boriti hubadilishwa moja moja huku dari imeegemezwa kwa nguzo. Hesabu tu ngapi ni mbovu, umuulize fundi wa boriti, si fundi wa zege, gharama yake kabla hujataja bei.

Karatasi si fani yangu, muone wakili. Lakini uliza mapema kama nyumba ni ya wakfu, maana wakfu hauuzwi, na kama ni ya mirathi, warithi wote wametia saini? Nimewahi kusimamishwa kazi na shangazi aliyeshuka botini na hati yake mkononi. Pita pia ofisi ya Makumbusho ya Taifa: mji huo uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, na sura ya nyumba haibadilishwi kwa kujiamulia.

Kama unaweza kusubiri, rudi siku ya mvua ya masika, usimame kiwandani uangalie maji yanakoelekea. Na muuzaji akikukataza kuchomeka bisibisi, hapo sasa kimbia.