Mkuu, usitume hiyo hela ya oveni

Shika hela yako hapo hapo ilipo. Umesema Ijumaa unatuma nusu ya bei ya oveni ya bekari kwa ile kampuni kubwa ya ng'ambo, kwa sababu fundi wa mtaani kwenu "hana garantii". Garantii! Mimi ninayo, ina muhuri kabisa, na oveni yenyewe mke wangu anawekea masufuria. Ndilo kabati la bei mbaya kuliko yote Kihonda, hapa Morogoro.

Ilianza na umeme. Oveni imefika, kumbe ni ya fezi tatu, umeme wa mashine kubwa, na fremu yangu ina fezi moja, ule wa kawaida wa nyumbani. Karatasi ya mauzo iliandikwa volti 380, nikaona ni namba tu kama namba nyingine, kumbe ndiyo fezi tatu yenyewe. Haya, nikaomba TANESCO wanivutie fezi tatu, nikalipa. Ikawaka, na kusema kweli mkate ulitoka mzuri, rangi moja juu na chini. Halafu usiku mmoja umeme ukakatika, uliporudi ukarudi na kishindo chake, bodi ya kuiendesha oveni ikaungua. Kitu chenyewe ukubwa wa kiganja, lakini bila hicho oveni haiwaki hata taa.

Nikapiga simu. Inapokea mashine: bonyeza moja, bonyeza mbili. Nikaandika barua pepe, kila siku anajibu mtu mwingine, kila mmoja anataka nitume upya picha zile zile. Mwisho wakasema garantii haihusu hitilafu ya umeme. Bodi wataniuzia, ila anayeruhusiwa kuifunga ni fundi wao aliyeko Dubai, nauli na hoteli juu yangu. Fundi wa hapa akiifungua tu, garantii imekufa. Ipi sasa? Unga umelala stoo, vijana wanataka posho, na wenye maduka hawana subira: ukikosa kupeleka mkate asubuhi mbili tatu, rafu yako kapewa mwingine. Wengine hawajarudi hadi leo.

Aliyeniingiza mkenge ni mshauri mmoja wa biashara, wale wa semina za hotelini, tai shingoni na slaidi ukutani. Eti biashara ya kimataifa inataka vifaa vya kimataifa. Mkate wa kuuza Kihonda, kimataifa wapi? Baadaye nikasikia ana asilimia yake kwa kila oveni. Na wala hakunitajia kwamba VAT ya 18% pale bandarini haipigwi kwenye bei ya mashine peke yake, wanajumlisha kwanza usafiri, bima na ushuru. Bei aliyonionyesha ilikuwa ya mlangoni kwa kiwanda chao. Mengine yote yakala kwangu.

Sheria yangu sasa ni moja: mashine ambayo fundi wake siwezi kwenda kumgongea mlango, sinunui.

Leo naokea oveni ya gesi iliyochomelewa mtaa wa pili. Haina skrini. Ina bawaba za geti, matofali ya moto ndani, na kipimajoto cha mshale. Mwanzoni ilikuwa inaunguza trei za kushoto. Nikamfuata fundi, akaja na grainda yake, akakata bati la kugawa moto, jioni tukaoka. Na karakana yake nzima inanywa chai kwa mkate wangu. Yule wa Dubai ameshanunua kwangu hata skonzi moja?

Sisemi mafundi wetu malaika. "Njoo Jumatatu" nimeambiwa mpaka nikazoea. Ndiyo maana humpi hela yote: mpe ya vyuma, inayobaki aichukue trei la kwanza likishatoka mbele ya macho yako, limeiva.

Uliuliza na mambo ya unga na TBS, wale wa viwango vya ubora, hayo watakuja wengine kukujibu. Wewe kabla ya Ijumaa muulize huyo muuzaji oveni ni fezi ngapi, halafu akupe namba ya fundi wake aliyeko Tanzania. Ya fundi, si ya huduma kwa wateja. Akikutumia brosha, ilete hapa tuisome wote.