Taarifa ya siku 20 ikichelewa California: haki haijafa yote

Mkuu, umesema unaweka marumaru kwenye nyumba huko Oakland chini ya mkandarasi mkuu, wiki ya sita sasa hujaona hela, na mtu kakwambia huna chako kwa sababu hukutuma taarifa ya awali, yaani barua ya kujulisha kwamba upo kazini, ndani ya siku 20 tangu uanze kazi. Huyo kakupa nusu ya habari.

Sheria ya California inasema taarifa ikichelewa, inalinda kazi ya siku 20 kabla ya kuituma na yote inayofuata. Tuseme ulianza Machi 1, ukatuma Aprili 10: kwa kazi ya kuanzia Machi 21 unaweza kuweka lieni, yaani dai linaloandikishwa juu ya nyumba yenyewe. Kazi ya kabla ya hapo utamdai mkandarasi kama deni la kawaida, nyumba huigusi. Kwa hiyo kila ukiambiwa "subiri Ijumaa", kuna siku yako inaliwa. Tuma kesho asubuhi.

Mpelekee mwenye nyumba, mkandarasi mkuu, na benki iliyokopesha ujenzi kama ipo. Tumia barua ya rejista posta, risiti itunze kama hati ya kiwanja. Ndani andika makadirio ya thamani ya kazi yako yote, siyo kile tu unachodai leo.

Usiogope kuharibu uhusiano. Mimi ni mtu wa jipsamu, kuna mkandarasi alinipigia akifoka kwamba namchafua kwa mteja. Barua haimtuhumu mtu, inasema tu fulani yupo kazini. Ila mwenye nyumba akishajua kuna fundi anayeweza kumdai hata kama ameshamlipa mkandarasi, anakuwa makini. Wangu alianza kutoa cheki yenye majina yetu wawili. Mkandarasi yule bado ananiita kazini.

Utaletewa pia fomu ya kuachilia haki ya lieni. Ile isiyo na masharti usisaini mpaka pesa iwe imeingia benki kweli.

Lieni iandikishwe kaunti ndani ya siku 90 baada ya ujenzi kumalizika. Mwenye nyumba akiandikisha taarifa ya kukamilika, wewe wa chini unabaki na siku 30 tu. Ukishaandikisha, una siku 90 za kufungua kesi.

Sasa nijibu: leseni unayo? Mkandarasi asiye na leseni pale inapohitajika mahakama haimsikilizi. Na kama ulikuwa kibarua wa kulipwa kwa saa, taarifa hii hata hudaiwi.