Maintern wa fizio (tiba ya mazoezi), kabla hujampongeza mgonjwa wa kiharusi kwa kula na mkono mzima

Jana saa nne asubuhi nimepita wodini nikakuta kikombe cha uji kimewekwa upande mzima, mgonjwa anakunywa vizuri, mkono uliopooza uko chini ya shuka na intern wetu anampigia makofi. Nilishindwa hata kugomba. Wadogo zangu nawapenda, ila hili tuliongee leo.

1. Usimnyanyue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliolegea. Bega linachomoka. Nimesema mara ngapi jamani?

2. Mkono mzima. Nikiwa intern nilipewa mama mmoja fundi cherehani, kiharusi kimempiga kulia, wodi imejaa mpaka wengine wako chini na kila raundi tunaulizwa nani anaenda nyumbani. Vidole vyake vilikuwa vinafunguka kidogo, ukimwambia achia kitambaa anaachia, taratibu lakini anaachia. Mimi nikaona njia fupi ni kushoto, nikamfundisha kula kwa kushoto, kuvaa kwa kushoto, mpaka kufunga kanga kwa kushoto na meno, siku kumi tu anajitegemea, nikasifiwa kwenye raundi na kwenye faili nikaandika "anajitegemea" kwa mwandiko mzuri kabisa. Binti yake akaniuliza, na huu wa kulia? Nikamjibu utarudi wenyewe, msimsumbue.

Miezi minne baadaye akaja kliniki, mkono kaufunika na kanga. Nilipoufunua ngumi ilikuwa imejifunga, kucha zimezama kwenye kiganja, ndani kuna unyevu na harufu. Nikakifungua kidole kimoja kimoja na yeye ananitazama, akasema, "Si uliniambia nisiuhangaishe, mwanangu?" Hakuwa na hasira hata kidogo, na ndiyo maana sijalisahau.

Maana ubongo hausubiri. Mgonjwa akijaribu mkono mbovu ukashindwa, akatumia mzima ukaweza, ubongo unajifunza kuuacha ule mbovu hata kama una uwezo uliobaki. Mtafiti wa Marekani Edward Taub aliliona hilo kwa nyani, halafu kwa watu akafanya kinyume, mkono mzima unavalishwa glovu nene kutwa kwa wiki mbili, mbovu unafanyishwa kazi masaa. Mwaka 2006 ukatoka utafiti wa Marekani wa wagonjwa 222, waliofanyiwa hivyo walizidi wenzao, na mwaka mmoja baadaye bado. Lakini ili uingie kwenye tiba hiyo lazima kifundo cha mkono, dole gumba na vidole viwili vingine vinyanyuke angalau digrii 10. Mama wa watu siku namruhusu alikuwa nazo. Alivyorudi hakuwa nazo tena. Tulihangaika naye miezi, akafika mahali pa kukandamiza kitambaa kwa kiganja wakati binti anaendesha cherehani, sindano hakuishika tena.

3. Hesabuni marudio. Kuna watu walikaa wakahesabu, wakachapisha 2009, kipindi kimoja cha mazoezi mkono wa mgonjwa wa kiharusi ulirudia wastani mara 32, wakati wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kubadilika walikuwa wanarudia mamia. Nyie mara 10 mshaandika "tolerated well", yaani amevumilia vizuri.

4. Mapema sio fujo. Utafiti wa AVERT wa 2015, wagonjwa 2,104, waliotolewa kitandani ndani ya saa 24 na kufanyishwa mazoezi mengi hawakufanya vizuri kama wengine. Siku za mwanzo vipindi vifupi vifupi.

5. Ndugu wa mgonjwa ndio fizio wa usiku. Mwonyeshe mke au binti kitu kimoja, sio kumi. Vibanio vya nguo, vifungo vya shati, kuchambua maharage, vitu vya nyumbani. Na muulize mgonjwa alikuwa anafanya kazi gani, maana mkono unaoujua uzi utauhangaikia uzi kuliko ule mpira wenu wa kuminya.

Yule mzee wa kitanda cha 6 nimemuuliza, alikuwa anashona nyavu. Kesho nikija nikute kamba kwenye mkono wake wa kulia, na kikombe cha uji kihamishwe upande huo, mmoja wenu akae hapo amshikie kiwiko hata kama kitamwagika.